Kukimbia Vilimani: Mkimbiaji Hodari Hafichi Homa

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi wametuuliza, hasa wenye watoto wa sekondari. Jambo hilo ni mbio za vilima. Je, ni salama kijana kupandisha mbio kilima mara kwa mara? Aanzeje? Ale nini? Na ni kitu gani kinachomtoa mtu kitandani alfajiri, akaache chai yake, akahangaike na mlima usiomlipa hata senti moja?

Tuanze na kisa kilichotufundisha sisi wenyewe.

Jioni moja ya msimu wa mvua, wanaume wanne walituletea kijana wa kidato cha pili kutoka upande wa Kaagya. Walikuwa wamembeba kwenye machela ya miti. Mwili ulikuwa unawaka joto, naye alikuwa anaweweseka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Kipimo kilionyesha malaria, na sukari ya damu ilikuwa imeshuka sana. Mchana ule alikuwa amepandisha mbio kilima pamoja na wenzake, akaanguka karibu na kileleni. Tulimpa sukari kwa njia ya mshipa, tukamchoma sindano ya atesunate, tukakesha naye. Siku ya tatu aliketi kitandani akaomba uji.

Tulimwuliza, "Mwanangu, ulianza kuumwa lini?"

"Juzi yake, Mama."

"Na mbona ulikwenda kukimbia?"

"Ilikuwa siku ya kuchagua timu. Ningesema naumwa, wangemchukua mwingine. Halafu tumefundishwa kwamba Akhwari hakuacha mbio."

Bibi yake alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Akatikisa kichwa, akasema, "Mimi aliniambia ni uchovu tu, nikamchemshia maji ya kuoga."

Kijana yule alipona. Lakini jibu lake lilitusumbua. Alikuwa na nia kubwa, na nia hiyo karibu imuue. Hivyo basi, makala hii itazungumzia mazoezi ya mwili, na pia itazungumzia nia yenyewe.

MBIO ZA AINA MBILI

Mbio za vilima ni mbio za kupanda, au za kupanda na kushuka, katika njia za miguu. Ndugu zetu wa Uganda, hasa wale wa miteremko ya Mlima Elgon, wamepata sifa kubwa katika mbio hizi. Geoffrey Kusuro alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2009, na Victor Kiplangat mwaka 2017 kule Premana, Italia. Hapa kwetu Tanzania, Simon Mtuy, mwongoza watalii kutoka Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda mpaka kilele cha mita 5,895 na kushuka tena kwa muda usiofika saa 10. Safari hiyo wageni wengi huifanya kwa siku 5 au zaidi.

Aina ya pili ni mbio za dira na ramani. Mashindano ya kwanza ya wazi ya mchezo huu yalifanyika Norwe mwaka 1897. Mkimbiaji hupewa ramani yenye vituo vilivyowekwa porini au vijijini, na kila kituo kina bendera ndogo. Njia hachorewi. Anaichagua mwenyewe. Hapa mwenye mbio nyingi anaweza kushindwa na mwenye kutumia akili, kwa sababu kukimbia kasi kuelekea kusiko ni hasara tupu.

Anayejua nchi yetu ataona kwamba tumebarikiwa kwa michezo yote miwili. Tunao ukanda wa ziwa, kisha vilima vinavyopanda ghafla, kisha vibanja vyenye vijia vinavyozungukana kama nyuzi, kisha rweya iliyo wazi. Mtoto anayetumwa kupeleka ujumbe kwa shangazi ng'ambo ya bonde tayari ameanza mazoezi, ila hajui.

NI NINI KINACHOMSUKUMA MTU?

Tumewauliza vijana wanaofika kwetu na vifundo vilivyoteguka. Wengine husema wanataka zawadi ya viatu au jezi. Wengine wanatumaini kupata ajira kwa njia ya michezo. Wapo wanaokimbia kwa sababu walichekwa. Wapo wanaopenda tu kufika juu na kuliona ziwa jua linapochomoza. Na wengi wanakwenda kwa sababu rafiki yao anawangoja njia panda.

Hatulaumu sababu yoyote kati ya hizi. Lakini kwa uzoefu wetu, anayesukumwa na zawadi peke yake huacha zawadi ikikosekana. Anayesukumwa na aibu huumia, kwa sababu hathubutu kusema "nimechoka". Anayependa njia yenyewe na wenzake wa njiani ndiye anayeonekana bado anakimbia baada ya miaka mingi.

Mfano wa uvumilivu ni Alphonce Simbu. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia jijini London. Dhahabu aliipata Septemba 2025 jijini Tokyo, miaka 8 baadaye. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda ule ule. Waliachana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Miaka 8 ya mazoezi ilihitajika kwa hatua moja ya mwisho.

Sasa turudi kwa Akhwari, maana ndiye aliyetajwa na mgonjwa wetu. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico mwezi Oktoba 1968. Mji ule uko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili hupata oksijeni kidogo zaidi kwa kila pumzi. Misuli ilimkaza, kisha katika msukumano wa wakimbiaji akaanguka akaumia vibaya goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Watoto wetu husimuliwa kisa hiki, na ni haki wasimuliwe. Lakini kuna sehemu ambayo wasimulizi huiruka. Angalieni picha zake: anaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji. Akhwari alihudumiwa jeraha lake kwanza, na kila mtu aliliona. Alikuwa mtu mzima, akijua alichoumia, akaamua. Hakuficha kitu. Kijana wetu wa kidato cha pili alificha homa kwa mwalimu, kwa rafiki na kwa bibi yake. Hapo ndipo visa viwili vinapotengana. Ushujaa na siri si kitu kimoja.

JINSI YA KUANZA MAZOEZI

Mapafu na moyo huzoea mapema, lakini kano, mifupa na magoti huchelewa. Ndiyo maana kijana hujisikia ana nguvu wiki ya tatu, akaongeza mno, akaumia wiki ya nne. Fuateni mpango huu wa wiki 12.

Wiki 1 hadi 4: Mara 3 kwa wiki, dakika 30. Tambarare kimbia polepole, kilima panda kwa kutembea haraka. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: kama huwezi kuzungumza na mwenzako, punguza.

Wiki 5 hadi 8: Mara moja kwa wiki tafuta mteremko wa wastani. Panda mbio kwa dakika 1, shuka kwa kutembea, rudia mara 6. Siku nyingine mbili kimbia kwa wepesi.

Wiki 9 hadi 12: Siku moja panda mara fupi fupi kama hapo juu. Siku moja nenda mwendo mrefu wa saa 1 kupita vilima, ukitembea panapokuwa pakali. Siku moja kimbia polepole. Baada ya kila siku ngumu, siku inayofuata ni ya kupumzika.

Wakati wa kupanda, piga hatua fupi, tumia mikono, tazama hatua chache mbele yako. Panapokuwa pakali sana, weka mikono juu ya mapaja utembee. Hata mabingwa hutembea huko.

Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ukivutwa, na maumivu yake huzidi siku ya pili. Maumivu hayo ni ya kawaida na hupungua baada ya siku chache. Shuka kwa hatua fupi za haraka, magoti yawe yamelegea kidogo, usikite kisigino kwa nguvu.

Kifundo kikiteguka, acha kukimbia, weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 hivi, funga bandeji isiyobana mno, inua mguu. Msikande wala kuvuta siku hiyo. Kama mtu hawezi kupiga hatua 4, au mfupa wenyewe unauma ukiguswa, mleteni apigwe picha.

CHAKULA NA MAJI

Hakuna haja ya kununua vyakula vya makopo. Ndizi zetu kwa maharage ni chakula kizuri cha mkimbiaji, ziwe na dagaa, mboga za majani na kipande cha parachichi. Senene wakati wao hujenga mwili. Kula mlo kamili saa 2 au 3 kabla ya kukimbia. Asubuhi na mapema, ndizi mbivu moja au kikombe cha uji chatosha.

Chai na kahawa zisinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage. Subirini saa moja hivi. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi. Msichana anayefanya mazoezi mengi na siku zake zikakoma, mara nyingi anakula pungufu ya anachotumia, ingawa zipo sababu nyingine pia. Asikaripiwe, aongezewe chakula na aletwe tumwone.

Maji yanywewe kwa kadiri ya kiu. Mkojo mweusi-mweusi kama chai ya rangi ni dalili ya kupungukiwa, na usiporudi kuwa wa kawaida baada ya kunywa na kupumzika, njoo upimwe. Kunywa lita nyingi za maji matupu kwa mkupuo nako ni hatari, maana chumvi ya mwilini huzimuliwa. Baada ya jasho jingi, kunywa maji pamoja na chakula chenye chumvi.

SIKU AMBAYO HAKUKIMBIWI

Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, uandike daftarini. Baada ya wiki mbili utajua kawaida yako. Siku mapigo yakizidi kawaida kwa 10 au zaidi, mwili unakuambia jambo: hujapumzika, au homa iko njiani. Siku hiyo pumzika.

Msikimbie kabisa, na mfike kituo cha tiba, ikiwa kuna mojawapo ya haya:

Homa. Pimeni malaria siku hiyo hiyo. Dawa ya mseto humezwa mara 6 katika siku 3, na imalizwe hata kama mtu amepata nafuu. Damu iliyopungua huchukua wiki kadhaa kurudi, hivyo msirudi kilimani siku ya nne.

Kuzirai au maumivu ya kifua wakati wa kukimbia, au moyo kwenda mbio ovyo. Vilevile kama katika ukoo kuna kijana aliyefariki ghafla bila sababu kujulikana.

Maumivu ya viungo yanayohama-hama kwa mtoto aliyeumwa koo wiki chache zilizopita. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu moyo. Koo la mtoto lenye usaha na homa litibiwe, lisidharauliwe.

Selimundu. Ugonjwa huu ni mwingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwenye ugonjwa asikimbie mashindano bila ushauri wa daktari. Aliyerithi upande mmoja tu anaweza kukimbia, ila asiharakishe mazoezi, anywe maji, na apumzike mara anapojisikia vibaya.

Uchovu usioisha na hamu ya kula udongo. Aghalabu ni upungufu wa damu, na kwa anayetembea peku huweza kuwa safura. Viatu si vya anasa. Hata raba za kawaida huzuia safura, funza na majeraha yaletayo pepopunda.

HATARI ZA NJIANI

Radi: Eneo la ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Rweya haina pa kujificha. Ukisikia ngurumo, radi imekwisha kuwa karibu ya kutosha kukupata. Shuka mara moja, ingia kwenye nyumba imara, ukae humo dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Usisimame chini ya mti ulio peke yake.

Mapango ya popo: Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Wilaya ya Bukoba. Watu 6 walifariki, akiwemo mhudumu wa afya mwenzetu, kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka ule. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Virusi vyake hukaa katika popo wanaokula matunda. Hivyo msiingie mapangoni, msiweke kituo cha mchezo karibu ya pango, na msile tunda lililotafunwa.

Nyoka: Aliyeumwa atulie, asikimbie, mguu usichanjwe wala usifungwe kamba kwa nguvu. Abebwe haraka mpaka hospitali.

MCHEZO WA DIRA KWA WATOTO

Si lazima kununua kitu. Vijana na wazazi wao wachore ramani ya eneo moja: barabara, kisima, kanisa, mti mkubwa, kichuguu, mwamba. Wafunge vitambaa 6 vya rangi kali, kila kimoja kiwe na herufi. Watoto watoke wawili wawili, kila baada ya dakika 3, warudi na herufi zote.

Wafundisheni kuelekeza ramani. Asiye na dira asimame asubuhi jua likiwa mkono wake wa kuume, hapo anatazama kaskazini. Sehemu kubwa ya pwani yetu ziwa liko mashariki, hivyo aliye juu ya kilima hapotei kabisa. Katika ramani za serikali mistari ya kontua ikibanana, hapo ni pakali, na ikiachana, ni tambarare.

Kanuni kubwa ya mchezo huu ni moja: ukiona hujui ulipo, simama, kubali kwamba umepotea, rudi mahali pa mwisho ulipopafahamu. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, yule Victor Kiplangat tuliyemtaja alikuwa anaongoza marathoni akakata kona isiyo yake karibu na mwisho. Hakujifanya anajua. Aligundua kosa, akarudi njiani, akashinda. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa marathoni jijini Budapest.

NA SISI WAZEE?

Msidhani haya ni ya vijana tu. Baada ya kisa cha yule kijana, sisi wauguzi tulipimana shinikizo la damu. Kwa wawili wetu lilikuwa juu, nasi ndio tunaowahubiria wengine! Tuliona haya, kisha tukaanza kupanda kilima kwa miguu mara 3 kwa wiki baada ya zamu. Mwanzoni tulisimama kila baada ya hatua 50. Sasa tunafika juu tukiongea. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, au mwenye shinikizo la damu au kisukari, apimwe kwanza, kisha aanze kwa kutembea. Dawa asiziache kwa sababu ya mazoezi.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Yule kijana alirudi kwetu baada ya miezi kadhaa, safari hii kwa miguu yake. Alileta daftari la mapigo ya moyo. Katika ukurasa mmoja alikuwa ameandika: mapigo yamezidi, nimemwambia Bibi, sikukimbia. Tulimwuliza kama alichaguliwa timu ya mwaka ule. Akasema hapana, alikuwa wa akiba. Lakini bado anapanda kilima na wenzake.

Tulifurahia mstari ule mmoja wa daftari kuliko kikombe. Wazazi, mtoto akisema "leo naumwa", msimwite mvivu. Walimu, mtunzieni nafasi mgonjwa, achaguliwe siku nyingine. Mtoto akijua kwamba ukweli wake hautamnyang'anya nafasi, hatauficha, nasi hatutaletewa kwenye machela jioni ya mvua.